Ndoa si kosa, lakini ndoa si visa
Maneno yetu kwa wakaaji wa Barumbu



Tumewaita juu ya jambo moja ambalo kila mtu hapa analijua, lakini tunalisema kwa sauti ya chini. Dada yetu ao kaka yetu anaoana na mtu wa inchi ingine. Kisha makaratasi ya yule mtu yanaisha. Hapo nyumba nzima inaanza kuishi kwa woga.

Tuanze na dada yetu mmoja. Jina lake tunaliacha, maana amekubali habari yake isemwe lakini hakukubali kuonyeshwa kidole. Bwana yake ni fundi wa magari, mtu wa Uganda, aliyefika huku pamoja na malori ya barabara ya Bunia. Wazazi walipokea mali ya ndoa, pasta akabariki, watu wakacheza mpaka asubuhi. Sisi njo tulibeba viti. Na katika sisi wote, pamoja na diplome zetu za iniversite, hakuna hata mmoja aliyeuliza: ndoa hii mtaiandikisha lini? Visa ya bwana inaisha siku gani?

Visa iliisha. Siku moja bwana alikuwa juu ya toleka, watu wa ofisi moja wakamsimamisha. Walimuomba lamande, akalipa, hawakumpa karatasi yoyote. Mwezi uliofuata wakarudi. Mara ya tatu dada aliuza mashine yake ya kushona. Mara ya nne feza hazikuwepo tena, wakamchukua, akakaa ndani siku kumi. Alipotoka, alisema anaenda kwao kutafuta pasipoti mpya. Mpaka leo hajarudi. Dada amebaki na watoto wawili, bila mashine, na majirani wanamuuliza: «Ulienda kutafuta nini kwa mgeni?»

Wandugu, swali hilo ni la haya. Haya yetu, si yake.

Sasa tusome sheria pole pole, maana woga unakaa pale ambapo watu hawajui.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kuoana na mtu aliyemchagua mwenyewe, wa jinsia ingine, na kujenga jamaa. Haikuandika «Mkongomani mwenzake». Kwa hiyo dada yetu hakufanya kosa.

Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa anapaswa kuambiwa sababu palepale, kwa luga anayoisikia, na asishikwe kituoni kupita saa 48. Iko pia sheria ya polisi ya wageni, ya 1983, wakati wa Zaire. Hiyo ni kali zaidi: inaruhusu kumshika mgeni anayengojea kufukuzwa. Lakini hata hiyo inaweka mwisho, siku nane. Siku kumi hazimo katika sheria hizi. Na lamande isiyo na karatasi ya malipo haimo pia. Feza ile haiingii katika sanduku la Leta, inaingia katika mfuko wa mtu.

Lakini tusidanganyane. Hatukuja hapa kulaumu upande mmoja tu. Mali ya ndoa haibadilishi visa. Baraka ya pasta haibadilishi visa. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mgeni aliyeoana na Mkongomani anaweza kuomba uraia wetu kisha miaka saba ya ndoa, kama wangali wanaishi pamoja na kama mwenzake amebaki Mkongomani. Na ni kuomba, haiji yenyewe. Katika miaka hiyo saba yeye ni mgeni, na anapaswa kuwa na pasipoti na visa inayofaa. Atakayemwambia ingine anamtega.

Na miaka hiyo saba inahesabiwa kutoka wapi? Kutoka siku ya ndoa. Nani atashuhudia siku hiyo? Picha za arusi hazitoshi. Kode ya jamaa, ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inakubali ndoa ya kwenye jamaa, lakini inaomba bwana na bibi waende mbele ya ofisa wa etasivili katika mwezi unaofuata ili iandikwe. Dada yetu hakwenda. Kwa macho ya Leta, bwana yake alikuwa mgeni asiye na bibi. Hapo njo mlango uliachwa wazi, na wenye njaa ya feza wakapita.

Juu ya watoto, tunasema kwa nguvu: si wageni. Sheria ileile ya 2004, kifungu cha 7, inasema mtoto ambaye baba ao mama yake ni Mkongomani, naye ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Baba ao mama. Mwalimu anayemuita mtoto «mugeni» darasani hajasoma sheria ya inchi yake. Lakini mtoto naye aandikishwe: sheria ya 2009 inatoa siku 90, bila malipo.

Kuko watu watatuambia: «Mgeni asiye na makaratasi arudi kwao, mnamtetea juu ya nini?» Tunawajibu kwa kumbukumbu. Aprili 2014, ngambo ya mto, Brazzaville, polisi walianzisha kazi waliyoiita «Mbata ya bakolo», ni kusema kofi la wakubwa. Watu zaidi ya 130 000 walivuka kurudi Kinshasa. Kati yao walikuwa bamama wa kwetu walioolewa kule, na mto ukabaki katikati ya mama na watoto, bibi na bwana. Kisha mwaka 2018 Angola nayo ikawasukuma mamia ya maelfu kurudi Kasai. Siku zile inchi nzima ililia. Tulisema: hata asiye na makaratasi ni mtu, ana jamaa. Neno lile lilikuwa kweli kule. Haliwezi kuwa uongo hapa Barumbu. Kofi lililotuumiza, tusilipige kwa mkono wetu.

Na sisi vijana tujiangalie. Wangapi kati yetu, juu ya kukosa kazi, tunaota kuoa ao kuolewa na mtu wa Ulaya ili tupate makaratasi? Tukifika kule bila visa, tutaomba watu watuone namna gani? Ndoa ya uongo ya kutafuta makaratasi hatuitetei, huku wala kule. Tunatetea nyumba zenye watu ndani.

Basi tunaomba hivi. Kwa wenye mamlaka: kila feza inayoombwa kwa mgeni iwe na karatasi ya malipo na jina la aliyeipokea, na bei za visa zibandikwe ukutani ambapo kila mtu anaweza kuzisoma. Kwa wachungaji na wazazi: msimalize arusi bila kuuliza etasivili. Kwa ninyi mlioko katika hali hii: msilipe peke yenu usiku. Mtuite. Andikeni tarehe, saa, fasi na kiasi cha feza. Sisi hatuna kazi, lakini tuko na kalamu, tuko na miguu, na kusoma tulisoma. Kila juma tutasindikiza mtu yeyote anayetaka kuandikisha ndoa ao mtoto, bila kumuomba hata franga moja.

Dada yetu yuko hapa kati yetu, amekaa nyuma. Kesho asubui tunaenda naye kuuliza kuhusu vyeti vya watoto wake wawili. Muda wa siku 90 umepita, njia itakuwa ndefu. Anayetaka kutembea nasi, tukutane hapahapa saa mbili.