Mkeka Mkuukuu Nao ni Mwalimu



Katika nyumba nyingi za Mafia, kuanzia Kilindoni hadi Bweni, hupatikana mkeka uliokwisha kazi yake. Umelaliwa, umeanikiwa mpunga, umekaliwa na wageni wa harusi na wa matanga, mpaka kingo zimefumuka na rangi zimepauka. Mkeka wa namna hiyo hutupwa jalalani, au hufunikiwa kuni. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba mkeka huo, kabla haujatupwa, una mafunzo makubwa ndani yake, na kwamba wakati wa kuyasoma mafunzo hayo ni sasa, maadamu wangali wapo wanaoweza kuyaeleza.

Kwanza hapana budi kukumbuka jinsi mkeka unavyopatikana. Kazi huanza kwa kukata majani machanga ya mkindu kabla hayajachanua. Majani huanikwa, huchanwa vipande vyembamba viitwavyo chane, na baadhi ya chane huchemshwa katika rangi. Kisha chane husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu wa pima nyingi. Na mwisho ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Kazi hii ni ya wanawake, nao huifanya baina ya kazi nyingine, baada ya shamba na baada ya jiko. Kitabu chake hakuna. Msichana huketi kando ya mama au bibi yake, hutazama, hupewa ukili ulioanzwa na mwingine, huukosea, huufumua, na kuanza tena.

Mnyororo huo leo unalegea. Vijana wako shuleni, wengine wamevuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na madukani umejaa mkeka wa plastiki wa bei nafuu. Hakuna wa kulaumiwa kwa hayo. Lakini swali linabaki: ikiwa bibi amekwisha kufariki, na kilichosalia ni mkeka wake tu, je, mjukuu anaweza kujifunza kutoka katika mkeka wenyewe?

Huko Japani wapo watu waliokwisha kuuliza swali kama hilo juu ya kamba za hariri. Usukaji wa kamba hizo huitwa kumihimo. Zilitumika katika mavazi na katika vitu vya mahekalu, na ndizo zilizounganisha vipande vya deraya za wapiganaji wa samurai. Mwaka 1876 serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku kuvaa panga hadharani, mafundi wengi walikosa wateja, na ufundi wao ukageukia zaidi kamba za kufungia mishipi ya kimono. Hata hivyo kamba za kale sana zilisalia katika hazina mbalimbali, mojawapo ikiwa ile ya Shosoin mjini Nara, yenye vitu vilivyohifadhiwa tangu karne ya 8. Kamba zilikuwapo, waliozisuka hawakuwapo.

Basi mafundi na watafiti waliketi mbele ya kamba hizo. Walihesabu nyuzi, wakaifuata njia ya kila uzi, kisha wakajaribu kusuka kamba nyingine mpaka ilingane na ile ya kale. Walifaulu kwa sehemu kubwa, lakini walikutana na fumbo. Kamba huonyesha njia ya uzi. Haionyeshi ni chombo gani kilichoipitisha. Njia ileile yaweza kupatikana kwa kutumia kigoda cha mviringo chenye nyuzi zilizofungiwa vizito, nayo yaweza kupatikana kwa vitanzi vilivyoshikwa mikononi bila ya kigoda chochote. Ilibidi maandiko ya mwanzoni mwa karne ya 19 yasomwe upya katika miaka ya 1980, ndipo ikabainika jinsi ufundi wa vitanzi ulivyofanywa. Yaani kitu kilichosukwa kilihitaji shahidi wa pili.

Mafunzo hayo yanauhusu mkeka wa Mafia moja kwa moja. Anayetaka kuusoma ukili na achague mahali penye chane moja ya rangi. Aifuate kwa ncha ya kidole: inapita juu ya ngapi, inazama chini ya ngapi, inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi upande wa pili. Ahesabu chane zote kwa upana wa ukili. Augeuze mkeka na kutazama mgongo wake, kwa maana upande wa chini hauna haya: huko ndiko zilikofichwa ncha, na huko ndiko huonekana mahali chane fupi ilipokwisha na nyingine ikapachikwa. Kisha aufumue ukili polepole kuanzia mwisho wake, hatua kwa hatua, akiandika kila hatua. Akimaliza, ayasome maandishi yake kinyumenyume. Hayo ndiyo maagizo ya kuusuka. Hata makosa ya msukaji wa zamani ni faida, kwa kuwa penye kosa ndipo inapoonekana kanuni iliyovunjwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kazi hii ni ya kuinama hasa.

Lakini mkeka hausemi yote. Hausemi jani lilikatwa likiwa na umri gani, wala lilianikwa kwa siku ngapi. Hausemi chane zilinyunyiziwa maji kiasi gani ili zisikatike mkononi. Hausemi kidole kipi kilishikilia na kipi kilivuta. Anayejifunza kwa mkeka peke yake atapata sura ya ukili. Ulaini wake na uimara wake vitamchukua miaka ya kubahatisha. Bibi aliye hai angemweleza mambo hayo katika alasiri moja.

Ukitaka ushahidi wa hasara ya kuchelewa, utazame mtepe. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 aliyeeleza safari za Bahari ya Hindi alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na akasema kuwa jina la mji wa Rhapta lilitokana na vyombo hivyo. Kwa karne nyingi mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na mtepe ulikwenda kwa tanga la mkeka. Chombo kizima, basi, kilikuwa kazi ya seremala pamoja na kazi ya wasokotaji na wasukaji. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ya mwisho ilitoweka baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, palipojengwa mtepe kwa ajili ya makumbusho ya Beit el-Ajaib huko Unguja, ilibidi kutegemea sanamu ndogo za mitepe, picha na maandishi. Sanamu humwonyesha fundi mahali tundu lilipo. Haimwambii kamba ivutwe kwa nguvu gani.

Mafia ina bahati ambayo waliojenga mtepe huo hawakuwa nayo. Katika fukwe za Chole makumbi yamekuwa yakifukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi mingi, kisha yakafukuliwa, yakapigwa na kusafishwa mpaka yakatoka usumba wa kusokota kamba. Mikono inayoijua kazi hiyo, na mikono inayoujua ukili, ingali ipo vijijini.

Wapo watakaouliza faida yake, maadamu kamba ya nailoni haiozi na mkeka wa plastiki huoshwa kwa maji tu. Swali hilo ni la haki, na mnunuzi ana uhuru wa kuchagua. Lakini kuacha kitu kwa hiari ni jambo moja, na kukipoteza kwa kutojali ni jambo jingine. Anayeujua ukili akauacha, anaweza kuurudia siku bei ya mkeka wa mkono itakapopanda. Asiyeujua hana la kurudia.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanyike, na yote yako ndani ya uwezo wa wananchi wenyewe. Mikeka mikuukuu isitupwe ovyo. Shule na zikusanye michache, kila mmoja ukiandikiwa kijiji ulikosukwa, jani lake na rangi zake. Wanafunzi waifumue na kuisuka upya, bibi mmoja wa kijijini akiwa ameketi pamoja nao, ili kile ambacho mkeka hausemi akiseme yeye. Na bibi huyo alipwe, kama fundi yeyote anavyolipwa, kwa sababu ujuzi unaoombwa bure siku zote huonekana kuwa hauna thamani.

Wazee walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao, ndugu wasikilizaji, ni mkeka wa zamani.