Kuacha Shule kwa Kuipenda Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wa Jumuiya huko Kigwa, Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora)



Nilipewa mada ya elimu ya vijana, nami nilikuwa nimejiandaa kuizungumza kwa ujumla. Lakini juzi, baada ya sala ya Isha, mzee mmoja alinishika mkono akaniambia: "Sheikh, kijana wangu amerudisha vitabu vya shule. Yuko kidato cha tatu. Anasema anapenda nyuki, na kwamba shule inamchelewesha. Nimchape, au nimwache?" Usiku ule sikumjibu. Leo najaribu kumjibu, nanyi mnisikilize, kwani sidhani kuwa hapa tulipo ni yeye peke yake mwenye jambo hili. Jina lake sitalitaja.

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja ambalo sisi wazazi tunalo. Tukisikia kijana anapenda kazi ya mikono, tunaona aibu, kana kwamba amesema anapenda wizi. Haya si mafundisho ya Islam. Kurani Tukufu yatueleza kuwa Nabii Daud a.s. alifundishwa na Mwenyezi Mungu utengenezaji wa mavazi ya vita. Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kondoo kwa ujira. Na katika Jumuiya yetu mnaijua Waqar-e-Amal, ambapo msomi na asiyesoma hushika jembe na ufagio pamoja. Ama nyuki, wao wana sura nzima yenye jina lao. Mzazi anayemwambia mwanawe kuwa kurina asali ni kazi ya waliofeli, ameidharau kazi ya halali ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kwa heshima.

Tena mzazi huyo hana habari ya mambo ya mkoa wake. Hapo Tabora mjini kipo Chuo cha Nyuki. Watu hutoka mikoa ya mbali kuja kusomea jambo ambalo kijana wetu amelianza nyuma ya nyumba ya baba yake. Lakini sasa kijana naye asikilize. Ili kuingia ngazi ya astashahada katika vyuo vyetu, kwa kawaida hutakiwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayahesabiwi humo. Hivyo anayeacha kidato cha tatu kwa ajili ya nyuki amejifungia kwa mkono wake mlango wa nyumba anayotaka kuingia. Nami nakiri kuwa si kila kazi iko hivyo. Angekuwa amependa useremala au uashi, ningesema naye kwa namna nyingine, maana vyuo vya VETA hupokea katika fani nyingi hata aliyeishia darasa la saba. Kwa hiyo kabla hatujagombana na kijana, tumuulize ni kazi gani, na mlango wake uko wapi.

Baba yake alipomkaripia, kijana alitoa hoja. Alisema: "Mbona Sheikh Amri naye aliacha?" Hoja hii nimeisikia kwa vijana wengi, na haifai kuipuuza, kwa sababu ndani yake mna ukweli.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, mwisho wa njia hiihii ya misafara iliyopita hapa Kigwa. Alisoma Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akashika njia ya kazi ya posta. Wakati wa Mwingereza, kijana Mwafrika aliyepata kazi ya namna hiyo alikuwa amefika. Ukoo mzima ulimtegemea. Naye akaiacha, akaingia katika kazi aliyoipenda, yaani tabligh. Bila shaka wako waliomwona amepotewa na akili.

Lakini tazameni aliacha nini. Aliacha mshahara wa posta. Kusoma hakukuacha hata siku moja. Alikuwa msaidizi wa Sheikh Mubarak Ahmad katika kazi ya tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953, nanyi mnajua kazi ile yadai Kiarabu, yadai Kiswahili, na yadai uvumilivu wa miaka. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, hali ni mtu mzima na mshairi anayejulikana, alisafiri hadi Rabwah, Pakistan, akaketi tena mbele ya walimu. Ndipo mwaka 1960 akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Waziri wa Sheria, kabla ya kufariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Kijana anayesema "nami ni kama Sheikh Amri" atuonyeshe mwalimu aliyemwendea. Kazi aliyoipenda Sheikh Amri ilimzidishia vitabu. Je, wewe kazi unayoipenda inakupeleka kwenye vitabu, au inakukimbiza navyo?

Naomba vijana mjiulize swali hili faraghani, bila baba kuwapo. Mara nyingi anayesema "naipenda kazi" moyoni mwake anasema "naichukia shule". Anachoka kutembea asubuhi na tumbo tupu. Hisabati imemshinda tangu kidato cha kwanza na hakuna aliyemrudisha nyuma kumfundisha. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za Serikali mwaka 2016, lakini sare, daftari na chakula cha mchana havikuondoka. Haya ni matatizo ya kweli, na yana dawa zake. Lakini mapenzi ya nyuki si dawa yake.

Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa na mtu kupenda kazi. Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857, aliandika kuwa mtoto wa Kinyamwezi alizoezwa upagazi tangu udogoni, akibebeshwa pembe ndogo ya ndovu, na kwamba kubeba hadi pwani ilikuwa alama ya uanaume. Hiyo nayo ilikuwa shule, wala hakuna aliyeondoka peke yake porini. Msafara ulikuwa na kirangozi wake na mnyampara wake. Kisha mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Kazi iliyokuwa fahari ya nchi nzima ikapungua thamani mbele ya macho ya watu walioipenda. Waliojua kitu kingine walihamia huko, na aliyejua kubeba tu, alibaki na mabega yake.

Sasa narudi kwa wazazi, maana kijana nimemsema vya kutosha. Mnaijua Tahriki ya Waqf-e-Nau iliyotangazwa na Hadhrat Mirza Tahir Ahmad mwaka 1987. Mzazi humtoa mtoto kwa ajili ya dini kabla hajazaliwa. Hakuna nadhiri kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, mtoto akifika miaka 15 huulizwa mwenyewe kama yuko tayari kuendelea. Ikiwa katika jambo la dini kijana anaulizwa, vipi katika riziki yake asiulizwe? Wengi wetu tunataka mtoto awe karani kwa sababu ya majirani. Anapolala shambani anakokauka tumbaku yetu, akilinda moto wa bani usiku kucha na kusinzia darasani asubuhi, hatusemi kuwa ameacha shule. Yeye aliachishwa, na aliyemwachisha ni sisi.

Kwa hiyo, mzee wangu, usimchape. Nimekwenda nyumbani kwako jana ukiwa shambani, nikakaa na kijana karibu na mizinga yake. Ana mizinga tisa, na anaifahamu mmoja mmoja. Nilimwambia kuwa Nabii Musa a.s. alipofika Madian alifanya kazi kwa mkataba wa miaka iliyohesabiwa, naye aweke mkataba na baba yake: amalize kidato cha nne, na baba asimguse siku za shule kwa kazi ya tumbaku, na pesa ya asali iwe yake kwa daftari na chakula. Nilimweleza pia kuwa tangu mwaka 2021 Serikali iliruhusu waliokatiza masomo warudi, na kwamba aliyepitwa kabisa anao mtihani wa maarifa, yaani QT, na baadaye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ila njia hiyo ni ndefu na ina gharama, na yeye bado hajaihitaji.

Akaniuliza nani ataitazama mizinga akiwa shuleni. Nilimwambia nitamuuliza baba yake mbele ya watu. Basi, mzee wangu, nakuuliza.