Mlango Wako, Jiko Letu

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka)

Mlioketi katika vikundi vyenu kambini, nanyi wenyeji mnaotusikiliza vijijini, karibuni. Leo tunazungumza juu ya kuishi na majirani kwa namna inayodumu.

Kambini tunatumia mengi pamoja bila kuulizwa: bomba, vyoo, njia, mara nyingine hata jiko. Ugomvi mwingi huanzia hapohapo. Nani hakufagia choo? Dumu la nani lilitangulia kwenye foleni?

Sasa sikilizeni habari za Denmark, kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1964, msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer na rafiki zake walianza kupanga mtaa ambao familia zingesaidiana. Wakanunua kiwanja karibu na mji mkuu, Copenhagen. Watu waliowakuta pale wakawapinga, wakihofia kelele za watoto. Mpango ukakwama, kiwanja kikauzwa.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1967, mama mmoja mwandishi, Bodil Graae, alieleza gazetini kwamba mtoto anahitaji wazazi mia moja. Jambo hilo sisi tunalijua: mtoto wa jirani ni wako pia. Waliosoma wakatafutana. Mwaka 1972 mtaa wa Sættedammen, wenye nyumba 27, ukawa tayari, na mwaka uliofuata kundi la Gudmand-Høyer nalo likamaliza kujenga mtaa wake, mahali pengine.

Wanaishije? Kila familia ina nyumba yake, mlango wake na jiko lake. Zaidi ya hapo ipo nyumba ya wote, yenye jiko kubwa na meza ndefu. Jioni kadhaa kwa wiki, watu wachache hupikia mtaa mzima kwa zamu, wanaume kwa wanawake. Ukipika leo, siku nyingi zinazofuata unakula bila kushika mwiko. Mambo ya wote huamuliwa mkutanoni.

Tusidanganyane. Wale walichagua majirani wao, na walikuwa na fedha za kununua ardhi. Wewe ulionyeshwa tu mahali pa kukaa, na jirani ukamkuta. Hata hivyo, yako mambo matatu yasiyohitaji fedha.

La kwanza: elewaneni mapema kipi ni cha mtu na kipi ni cha wote. Kusaidiana hakufuti hodi. Mgao wa familia ni wa familia, mpaka wenyewe wakubali kuchanga.

La pili: pangeni zamu, kila mtu aijue, na viongozi waanze. Mama aliyejifungua, mgonjwa na mzee wapumzishwe au wapewe kazi nyepesi. Familia nne zikichemsha maharage katika sufuria moja kubwa juu ya jiko banifu, kuni zitakazotumika ni chache kuliko za mafiga manne. Kuni zikipungua, safari za porini nazo zinapungua, na mnajua hatari wanazokutana nazo kina mama na mabinti huko.

La tatu: zungumzeni na wenyeji mapema. Kumbukeni kile kiwanja kilichouzwa. Kalobeyei, kaskazini magharibi mwa Kenya, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016, yalipangwa tangu mwanzo ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, kama vile shule na zahanati.

Msianze na mtaa mzima. Anzeni na nyumba nne, jambo moja, mwezi mmoja. Kisha kaeni chini mpime: nani ameelemewa, nani hajaonekana, nini kibadilike.

Maswali ya vikundi:
1. Ni kitu gani tunachotumia pamoja kinachotugombanisha zaidi?
2. Nani anafanya kazi hiyo sasa, na nani haifanyi?
3. Tuanze na familia zipi, lini?



(Muziki unapanda)