Chumvi Iliyo Ndani ya Mafuta ya Ngozi

Leo tuzungumze juu ya chumvi moja ndogo. Mkisoma karatasi ya chupa ya mafuta ya kupaka, mara nyingine mnaona neno fosfati ya sodiamu, mnashtuka: "Sodiamu! Si ile soda ya kupikia sabuni?" Hapana, si ile. Sikieni tofauti.

1. Ngozi iko na uchachu wake
Uchachu unapimwa kwa namba, tangu 0 mpaka 14. Kipimo hiki kinaitwa pH. Maji safi ni 7. Chini ya 7 ni vitu vichachu. Ndimu ni karibu 2. Juu ya 7 ni upande wa majivu na soda. Sabuni ya mawese ni karibu 9 au 10. Ngozi nzima ya mtu mkubwa ni karibu 5. Uchachu huu unazuia vijidudu na kusaidia ngozi isikauke. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, hapa Beni na Butembo tulinawa kwa sabuni au maji ya kloro mara nyingi kila siku. Kunawa kunaokoa maisha, tusiache. Lakini ngozi inayonawishwa hivyo hukauka na kupasuka, nayo inahitaji mafuta.

2. Kazi ya chumvi hii
Fikiri mama mwenye ghala ya maharagwe. Yakizidi sokoni, anaweka, yakipungua, anatoa, bei haipandi wala haishuki sana. Fosfati hufanya vile. Uchachu ukizidi ndani ya mafuta, inaumeza; ukipungua, inautoa. Hivyo mafuta hayabadiliki upesi chupani wala hayaunguzi ngozi. Hata ndani ya damu yetu chumvi za namna hii zinafanya kazi hiyo kila saa.

3. Ni hatari?
Soda kostiki inaunguza nyama ya mwili. Fosfati inawekwa kidogo sana, na kwa kipimo hicho ngozi nzima haidhuriki. Ukiona mwasho au wekundu, acha mafuta hayo, uoge kwa maji safi.

4. Hatari yenyewe iko wapi?
Iko nyumbani, mahali tunapojitengenezea bila kipimo. Wengine wanachukua bikarbonati ya kupikia na kumpaka mtoto mwenye vidonda vya nepi. Musifanye hivyo! Bikarbonati ni karibu 8, inaondoa uchachu wa ngozi. Tena, ikiwa nyingi juu ya ngozi iliyochubuka inaweza kuingia katika damu ya mtoto na kumgonjesha sana. Osha kwa maji, kausha polepole, paka vazelini.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya kujichubua yenye zebaki, ile merkiri. Inaharibu figo na akili, inamfikia hata mtoto tumboni. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliamua mafuta hayo yaondolewe. Chupa isiyotaja vitu vilivyomo, usiinunue, hata ikiwa bei rahisi.

Mkumbuke basi:
– Jina gumu peke yake si sumu. Uliza ni kitu gani na kipimo gani.
– Bikarbonati ibaki jikoni.
– Kidonda kisichopona, kipeleke kituo cha afya, na chupa ya mafuta uje nayo.

Sasa, nani ana swali?