Jinsi Stroberi Mpya Inavyozaliwa na Kuandikiwa Sifa Zake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za tunda dogo jekundu liitwalo stroberi. Wenyeji wa Limuru na wa milima ya Usambara walijua vema, maana hulipanda; wengine wetu hulionja katika jamu tu. Hatukusudii kuwafundisha kulilima, kwani hayo Bwana Shamba atawaeleza vizuri kuliko sisi. Twataka kueleza jinsi aina mpya ya tunda hili inavyopatikana, na jinsi inavyoandikiwa sifa zake hata ikatambulika mbele ya watu.

Kwanza yafaa mjue ya kuwa stroberi kubwa ya bustani si tunda la kale. Watu wa Ulaya walikuwa na stroberi ya mwituni, ndogo kama ncha ya kidole. Katika mwaka wa 1714 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kutoka Chile, alikokuwa amekwenda kupeleleza ngome za Waspania, akaleta miche ya stroberi ya pwani ya kule, yenye matunda makubwa. Safari ya baharini ilichukua miezi sita, na maji matamu chomboni yalikuwa haba. Miche mitano tu ndiyo iliyofika hai. Ilipopandwa ikastawi, ikatoa maua, lakini haikuzaa. Sababu yake ni kwamba yote ilikuwa ya kike, haina chavua, yaani ule unga wa manjano wa maua.

Wakulima wa Brittany, karibu na mji wa Brest, wakaona kwamba miche hiyo ikipandwa kando ya stroberi iliyotoka Virginia, huzaa sana. Nyuki wakafanya kazi yao, na katika mbegu ikaota miche isiyokuwa ya Chile wala ya Virginia. Mwaka wa 1766 Antoine Nicolas Duchesne, kijana asiyetimiza miaka ishirini, aliandika kitabu akaeleza kwamba stroberi hiyo mpya, iliyoitwa ya nanasi kwa ajili ya harufu yake, ni mtoto wa wazazi hao wawili. Tazameni ajabu hiyo: wazazi wote wawili ni wa Amerika, na mtoto akazaliwa Ulaya.

Kazi iliyofanywa na nyuki bila kukusudia, leo hufanywa na mtu kwa makusudi. Mzalishaji huchagua mama, tuseme mche uzaao sana, na baba, tuseme mche wenye tunda gumu lisilopondeka njiani. Hulishika ua la mama lingali tumba, siku moja au mbili kabla ya kufunguka, akaliondoa vishikizo vyote vya chavua kwa kibano, asibakize hata kimoja. Kisha hulifunika kwa mfuko ili nyuki asilifikie. Baadaye huchukua chavua ya baba kwa burashi ndogo na kuipakaza katikati ya ua, na hurudia mara kadhaa. Baada ya mwezi hivi tunda huiva. Zile punje tunazoziita mbegu, zilizo juu ya ngozi, ndizo matunda yenyewe kwa kweli; nyama tamu tuilayo ni kitako cha ua kilichovimba. Mzalishaji huzikwangua, huziweka mahali pa baridi kwa majuma kadhaa, kisha huzipanda.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Stroberi ina nyuzi za urithi 56, yaani seti nane za saba saba, hali sisi binadamu tuna seti mbili tu. Kwa hiyo mbegu za tunda moja huzaa ndugu wasiofanana hata kidogo: mmoja mtamu, mmoja mchachu, mmoja mgonjwa tangu utoto. Miche mingi sana hung'olewa na kutupwa. Ule mmoja unaopendeza haupandwi tena kwa mbegu. Huongezwa kwa marando yake, kama tufanyavyo viazi vitamu, ndipo watoto wafanane na mama. Kisha hujaribiwa miaka kadhaa katika udongo na hewa mbalimbali. Aina maarufu ya Uholanzi iitwayo Elsanta, mtoto wa Gorella na Holiday, ilichanganywa mwaka wa 1975, ikatolewa kwa wakulima mwaka wa 1981. Na huo ni mwendo wa haraka.

Sasa huja kazi ya kuandika sifa, ambayo watu huidharau. Haitoshi kusema kwamba tunda ni kubwa na tamu. Kila mwenye kuuza husema hivyo! Mwandishi hutazama kama shina limesimama au limetandaa. Kama jani ni la kijani kibichi au kilichokolea. Kama tunda lina umbo la moyo, la pia au la duara. Kama punje zimezama katika ngozi, zimelingana nayo au zimetokeza. Kama nyama ya ndani ni nyekundu au nyeupe. Kama mche huzaa mara moja kwa mwaka au hurudia. Na hayo yote hupimwa kwa kuupanda kando ya aina ijulikanayo, katika shamba lile lile, maana aina ile ile hubadilika sura udongo ukibadilika. Aina mpya yapasa iwe tofauti na zote zilizotangulia, miche yake ilingane, na isigeuke ikiendelea kuzalishwa. Kenya iliingia katika umoja wa mataifa unaolinda aina mpya za mimea kwa masharti hayo mwaka wa 1999, na Tanzania mwaka wa 2015.

Lakini yako mambo ambayo karatasi ya sifa haiwezi kuyaonyesha. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa mizizi, ambao huugeuza moyo wa mzizi kuwa mwekundu, uliharibu mashamba ya Lanarkshire huko Scotland, na wakulima wengi wakakata tamaa. Robert Reid, wa Auchincruive, akashughulika kutafuta stroberi zenye kustahimili, na mwaka wa 1947 ikatolewa aina iitwayo Auchincruive Climax. Wakulima waliipokea kwa furaha, wakaipanda kwa wingi. Haikupita miaka kumi, majani yake yakaanza kuwa na michirizi ya manjano, miche ikadhoofika, na aina yote ikaachwa. Haukuwa ugonjwa wa kuambukizana jirani kwa jirani. Kila mche wa Climax, popote ulipokuwa, ulikuwa rando la rando la mche mmoja. Ubovu uliokuwa umejificha katika mche ule ulikuwa umekwenda nao katika kila shamba. Hupita hata katika mbegu, kwa hiyo mzalishaji mwangalifu akiiona michirizi hiyo hamfanyi mche ule kuwa mama wala baba.

Basi nanyi mkienda kununua miche, ulizeni jina la aina, na ulizeni marando yalitoka shamba gani. Tena, mwenye nafasi asipande aina moja tu.