Magnitogorsk: Mji wa Chuma na Wakulima Walioujenga



Mji wa Magnitogorsk uko Urusi, kusini mwa milima ya Ural, chini ya mlima uliojaa madini ya chuma yenye sumaku. Ndiko jina lilikotoka. Ujenzi ulianza mwaka 1929, kwa kuiga kiwanda cha chuma cha Gary, Marekani. Makaa ya mawe yalisafirishwa kwa reli kutoka Kuzbass, zaidi ya kilometa 2,000. Tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1932.

Magazeti ya wakati ule yaliwasifu vijana waliokuja kwa hiari, nao kweli walikuwapo. Lakini makumi ya maelfu ya wajenzi walikuwa wakulima walionyang'anywa ardhi na mifugo, wakapakiwa katika mabehewa na kupelekwa huko chini ya ulinzi. Waliitwa makulaki, yaani matajiri wa kijijini, ingawa wengi hawakuwa na utajiri wowote. Jirani zao waliobaki walitiwa katika mashamba ya pamoja. Neno ushirika lilitumika huko pia, japo mkulima hakuwa na ruhusa ya kukataa. Waliopelekwa mjini walipitisha baridi kali katika mahema, na watoto wengi walikufa.

Katika vita vya 1941 hadi 1945, chuma cha mji huo kiliunda vifaru. Wenyeji husema kimoja katika kila viwili. Mlima wenyewe umekwisha kuchimbwa karibu wote, na madini huletwa kutoka mbali. Wakulima wale walitambuliwa kisheria kuwa walidhulumiwa mwaka 1991, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki.