Kujibana au Kutafuta Zaidi?

(Haya ni maneno ya mfanyakazi wa jamii wa parokia katika kikao cha vikundi vya kujisaidia, Ukambani. Tunayachapa kwa ombi la wanachama waliotaka kuyasoma tena vikundini mwao.)

Sitawachelewesha, maana najua wengine wana ng'ombe wa kunywesha.

Nimeombwa niongee juu ya jambo linaloleta ubishi vikundini. Kuna wanaosema, "Sisi ni maskini kwa sababu hatujui kutumia. Tujibane." Wengine, hasa vijana, wanajibu, "Utabana nini na mfuko ni mtupu? Tutafute pesa zaidi." Mwezi uliopita kikundi kimoja, sitakitaja, kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya neno hili. Nusu walitaka akiba yote inunue pikipiki ya boda boda. Nusu walitaka pesa zikae tu zisiguswe. Watu walirushiana maneno mpaka mweka hazina akalia.

Mimi sikuja kuamua kesi hiyo. Nimekuja kuwaambia niliyoyaona kwa miaka ya kazi yangu, kisha ninyi wenyewe mtapima.

Kujibana kuna mwisho wake

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipotoka chuoni na diploma yangu, nilikuwa najiona najua kila kitu. Nikafundisha kikundi kimoja cha akina mama kwamba kila Alhamisi kila mmoja alete shilingi 50 bila kukosa, na anayechelewa atozwe faini. Daftari lao lilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyekosa. Nikawasifu katika ripoti yangu.

Basi Jumatano moja jioni nikapita kwa mwanachama mmoja kumpelekea barua. Jiko lilikuwa baridi. Nikamuuliza msichana wake mdogo, "Mama amepika nini leo?" Akanijibu bila hata kunung'unika, "Kesho ni siku ya kikundi. Leo hatuli usiku."

Wenzangu, nilirudi nyumbani sina la kusema. Ile akiba niliyokuwa nikiiandika kama maendeleo ilikuwa ni chakula cha watoto. Mama yule aliogopa faini na aibu ya kusimama mbele ya wenzake mikono mitupu, na aliyeweka faini ile ni mimi.

Tangu siku hiyo najua kwamba kujibana kuna mwisho wake. Unaweza kuacha soda. Unaweza kupunguza sukari kwenye chai. Unaweza kushona nguo ile ile mara ya tatu. Lakini ukifika kwenye chakula cha jioni, dawa ya mgonjwa na daftari la mtoto, hapo huweki akiba tena. Hapo unakopa kutoka kwa mwili wa mtoto, na deni hilo hulipwa baadaye na riba kubwa. Tena tuulizane kwa ukweli, sisi wazee tuliomo humu: nyumba ikijibana, nani hula mwisho? Nani huvumilia jino linalouma mpaka shavu linavimba? Mara nyingi "nyumba imejibana" maana yake ni kwamba mama amejibana.

Na kuna kujibana kunakoua. Wengi mnakumbuka mwaka wa 2004 huku Makueni na Kitui na sehemu za jirani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya kuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamewekwa bila kukauka vizuri. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Siwalaumu waliokula, maana njaa haina adabu. Lakini tujifunze: kusema "kutupa ni hasara" juu ya mahindi yaliyoota kuvu ni hesabu mbaya. Gunia ni mali, lakini mtu ni zaidi ya gunia.

Mapato nayo yana matundu

Sasa vijana wanatabasamu, wanaona nimewapa ushindi. Ngojeni kidogo.

Niliongezwa mshahara mwaka mmoja. Nikasema, ah, sasa taabu zimekwisha. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa na madeni kuliko mwanzo. Ikifika tarehe 20 nakopa kwa simu, na mkopo wa simu ukilipa wa kwanza unakuita wa pili. Nikaamua kuandika kila shilingi kwa mwezi mmoja. Nikaona ada za kutuma pesa, nikaona chai za hotelini, nikaona ahadi za harambee nilizotoa kwa sauti kubwa ili watu wanipigie makofi. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kijana wa boda boda je? Jioni anahesabu noti anafurahi. Lakini zile noti zote si zake. Kuna za petroli, kuna za oili, kuna za bima, kuna za tairi litakaloisha, na kuna za pikipiki yenyewe, kwa maana kila siku inazeeka. Akila zote, siku injini inapokufa anarudi pale alipoanzia. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kununua pikipiki kisiulize tu "italeta ngapi kwa siku?" Kiulize, "itabakisha ngapi, na nani ataandika?"

Hesabu ya mahindi

Haya, tuje kwenye jambo tunalolijua sote. Huku kwetu mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Tunavuna mwezi wa pili hivi. Na wakati huo huo shule zimefungua, karo inadaiwa. Basi tunafanya nini? Tunauza mahindi yakiwa bado ya bei ya chini, kwa sababu kila mtu anauza. Miezi ikipita tunarudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa gorogoro.

Chukueni hesabu hii ya mfano, kisha muifanye upya kwa bei ya soko lenu. Tuseme mama ameuza magunia matatu ya kilo 90, kila gunia shilingi 2,700. Amepata 8,100, amelipa karo. Baadaye gorogoro moja ni shilingi 130. Gorogoro ni kama kilo mbili, kwa hiyo gunia lina gorogoro 45. Ukizidisha, gunia moja ni shilingi 5,850. Magunia matatu ni 17,550. Mama huyu alipokea 8,100, akatoa 17,550. Amepoteza 9,450, na hakunywa pombe, hakununua nguo mpya, hakufanya ufujaji wowote. Mkimwambia ajibane, mtakuwa mnamtukana.

Sasa tazameni kikundi kinavyoweza kumsaidia. Mfuko wa kikundi umkopeshe ile 8,100 ya karo mwezi wa pili. Tuseme riba yote ni shilingi 810. Mahindi yabaki nyumbani. Ayakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka yakauke kabisa, kisha ayatie katika ile mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa. Tuseme mifuko mitatu ni shilingi 750. Pesa ambazo angepeleka sokoni kununua gorogoro ndizo anazorudisha kwa kikundi kidogo kidogo. Akimaliza kulipa riba na mifuko, bado amebaki na shilingi 7,890 ambazo zingepotea.

Niwaulize: huyu amejibana au ameongeza mapato? Mimi siwezi kutenganisha. Akiba ya wengi imemfanya asiuze kwa hasara. Hiyo ndiyo kazi ya akiba. Akiba ambayo haina kazi inayoingojea italiwa Krismasi, au italeta ugomvi.

Nisiwadanganye lakini. Kuna miaka bei haipandi sana, kwa mfano mahindi ya nje yakiingia kwa wingi. Kwa hiyo msikopeshe mfuko wote kwa jambo moja. Na mahindi yasiyokauka msiyahifadhi kwa tamaa ya bei. Nimeshawaambia ya 2004.

Kuna na hasara nyingine ya kimya kimya: maskini hununua kwa bei ya juu. Sukari ya vipimo vidogo vidogo na mafuta ya kupikia ya kupimiwa, ukijumlisha mwisho wa mwezi, umelipa zaidi ya tajiri aliyenunua kwa jumla. Watu kumi wakinunua gunia moja la sukari la kilo 50, kila mmoja anachukua kilo tano. Hapo mmejibana na hakuna mtoto aliyelala njaa.

Akina mama wa Mraru

Msidhani haya ni maneno ya vitabuni. Majirani zetu wa Taita wana historia yao. Mapema miaka ya 1970 akina mama wa Mraru walikuwa na shida ya kufika Voi. Magari yalifika kwao yamejaa, wao na mizigo yao wakaachwa. Wakaanza kuchanga kidogo kidogo. Michango peke yake haikutosha, wakakopa nyongeza. Mwaka wa 1975 wakawa na basi lao wenyewe. Wakapata njia ya kwenda sokoni, na nauli ikawa mapato ya kikundi. Baadaye faida ikawasaidia kujenga duka.

Oneni mpangilio wake. Hawakujibana kwa sababu kujibana ni utakatifu. Walijibana kwa sababu walijua wanachokitaka, na kitu chenyewe kilikuwa cha kuleta kingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima ujue kibaba kikijaa utapika nini.

Neno la mwisho

Kwa hiyo nyumbani na kikundini, kabla hamjasema "tujibane" au "tutafute zaidi", jiulizeni mambo matatu. Kwanza, akiba hii inatoka kwenye sahani ya nani? Pili, inangoja kazi gani, na lini? Tatu, imeandikwa wapi, na nani anaweza kuisoma?

Yule mama wa Alhamisi bado ni mwanachama. Nilirudi kwenye kikundi chao nikaomba msamaha mbele ya wote, tukaondoa faini, tukakubaliana kila mtu aweke anachoweza, na mwaka wa mavuno mabaya mtu asimame bila aibu aseme "leo sina". Mwanzoni mchango ulishuka. Lakini watu hawakuhama, na waliokuwa wamejificha nyumbani kwa aibu wakarudi. Kikundi ambacho mtu hawezi kusema "leo sina" hakijawa cha kujisaidia.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika nyumba zetu, nani hubeba mzigo zaidi tunapojibana? Tunaweza kugawana mzigo huo vipi?

2. Mwaka jana tuliuza mahindi au mazao mengine kwa bei gani, na tukayanunua tena kwa bei gani? Kila mtu alete hesabu yake.

3. Akiba ya kikundi chetu inangoja kazi gani? Je, wanachama wote wanaijua?

4. Mwanachama akikosa mchango, tunamfanyia nini? Je, inamsaidia au inamfukuza?